Aliyeuitikia Ukuta

Kabla Studio ya Masalia haijapata seva, sauti zilizokamuliwa kutoka kuta za zamani zilisafiri kwa basi. Fundi Ambakisye, mwenye studio, alizitia kwenye flashi, flashi akaitia kwenye bahasha, bahasha akamkabidhi kondakta, na kondakta akafanya kadiri Mungu alivyomjalia. Ndiyo maana kwaya moja ya Rungwe, iliyokuwa ikisubiri kwa hamu mazoezi ya wazee wao wa miaka arobaini iliyopita, ilikusanyika kanisani, ikainamisha vichwa, na kusikiliza kwa unyenyekevu dakika ishirini na mbili za ugomvi wa kilabuni. Mchungaji alizima kwenye tusi la tatu. La kwanza na la pili, inasemekana, alidhani ni maombi kwa Kinyakyusa cha zamani.

Basi ikanunuliwa seva, na pamoja na seva akaajiriwa Ikupa Mwasandube, miaka ishirini na mitano, fundi mtulivu, mpole, mwenye heshima zake. Waliosoma naye wangeisikia sentensi hiyo wangeomba irudiwe.

"Kila mteja na chumba chake," alimweleza bosi wake Ijumaa ile mchana, seva ikivuma chini ya meza. "Kila chumba na ufunguo wake. Mteja wa chumba cha tatu hamuoni wa chumba cha nne, hata kivuli."

"Kama bweni."

"Kama bweni lenye adabu, Fundi. Mimi sijawahi kuliona."

"Na nitajuaje kama mtu amechukua kazi yake?"

"Mlangoni kuna kitabu cha wageni. Kila anayeingia anaandikwa: nani, saa ngapi, kachukua nini, kasikiliza mara ngapi."

"Akikataa kuandikwa?"

"Hajui kama anaandikwa."

Fundi Ambakisye alitikisa kichwa. "Hicho sasa si kitabu, Ikupa. Hicho ni kiranja."

Nyuma yao mkamuo wa sauti ulikuwa kazini. Ulikuwa mashine yenye ukubwa wa jokofu, na ulimi wa mwanga wa buluu uliolamba kipande cha plasta taratibu, mstari kwa mstari, kama mtoto anayelamba sahani ili mama asione kwamba amekula. Kila sauti inayopigwa chumbani hutikisa ukuta kidogo, na ukuta hausahau. Chokaa hukumbuka vibaya. Saruji tupu hukumbuka nusu. Lakini rangi ya mafuta, ile ya kijani inayopakwa nusu ya chini ya ukuta katika kila shule, kituo cha polisi na zahanati, ndiyo yenye masikio kuliko zote. Nchi nzima ilikuwa imetumia miaka mia moja kupaka masikio kwenye kuta zake, na kisha kuzungumza mbele yake bila wasiwasi.

Fundi Ambakisye alichukua oda iliyofuata, akavaa miwani. "Mfungulie chumba huyu. Cha kumi na saba. Plasta yake imefika jana. Wanabomoa shule ya wasichana ya Lupwiko, wanapitisha barabara, na mabinti waliosoma pale wanagombea vipande kama keki. Anaitwa Tusajigwe Mwakalobo, yuko Kyela. Ukuta wa bweni la Ngosi, kitanda cha chini, karibu na tundu la hewa."

Vidole vya Ikupa vilisimama juu ya kibodi.

"Umesoma huko wewe?" aliuliza bosi.

"Nilipita."

"Basi sikiliza alichoandika kwenye sababu." Akasoma kwa sauti ya mtu asomaye tangazo la msiba:

"Nilipokuwa kidato cha kwanza niliitwa na sauti iliyotoka ukutani. Niliitika. Wenzangu walisema hakuna aliyeita. Nikaambiwa nina mapepo, nikarudishwa nyumbani, sikusoma tena. Sasa nina mtoto wa kike wa miezi minane, anaitwa Subilaga. Mwezi uliopita nilidhani naitwa nje, nikaitika, hapakuwa na mtu. Mtu yeyote hukosea hivyo, lakini kwangu mimi wakwe wamesema yamerudi, na mtoto akalelewe kwingine. Kikao cha ukoo ni Jumamosi saa nane mchana. Naomba kujua kama niliitwa kweli."

Akavua miwani. "Jumamosi ni kesho. Kamua leo jioni, hakiki, weka kazi chumbani. Chumba kijifungue kesho saa sita kamili, apate nafasi ya kusikiliza kabla ya kikao. Mimi kesho niko kwenye sendofu ya mpwa wangu. Usinipigie simu hata ukuta ukianza kuhubiri."

"Sawa, Fundi. Saa sita."

Akaandika saa sita. Vidole vyake vilikuwa Mbeya. Yeye mwenyewe alikuwa Lupwiko, kidato cha tatu, nyuma ya bweni la Ngosi, ndani ya stoo ya mafagio, mdomo ameubandika kwenye tundu la hewa.

*

Fundi Ambakisye aliondoka saa kumi. Ikupa alifunga mlango wa studio, akavaa spika za masikioni, akaketi wima kama mtu anayesubiri viboko.

Mwanzoni ukuta ulimpa mambo ya kawaida. Sahani za bati. Wasichana wawili wakigombania ndoo, kila mmoja akiapa kwa jina la bibi yake. Mtu akilia kimyakimya kwa sababu ya makande, au kwa sababu ya nyumbani, sauti ni ileile. Halafu kengele ya mapumziko ya mchana, ile saa moja baada ya chakula ambapo sheria iliwataka wote walale na wote walijifanya wamelala. Bweni likatulia.

Ndipo ikaja.

"We biiinti… njooo…"

Ilikuwa sauti ya bikizee asiye na meno, iliyovutwa kutoka tumboni na kupitishwa puani, ikapitia tundu la hewa na kutoka ikiwa haina mwenyewe. Wakati wake ilikuwa kazi ya sanaa. Ikupa aliifanyia mazoezi wiki mbili bafuni. Vinyweleo vya mikono vilimsimama, naye ndiye aliyeitoa.

"Abee?" akajibu mtoto.

Hakuna msichana aliyelelewa akaitwa na mkubwa asiitike. Abee hutoka kabla mtu hajafikiri, kama kufumba jicho vumbi likija. Ndiyo iliyokuwa siri ya mzaha wote: kuona ni njuka gani wa kidato cha kwanza ataitika haraka zaidi. Na Tusajigwe, miaka kumi na minne, wiki yake ya tatu shuleni, aliitika kama aliyekuwa akisubiri kuitwa.

"We biiinti…"

"Abee."

Ikupa alikumbuka kwamba aliita mara mbili. Kwa miaka tisa alikuwa na uhakika huo, na aliutumia kama watu wanavyotumia mwavuli. Mara mbili ni utani. Mara mbili mtu yeyote angeita.

Ukuta ulikumbuka mara kumi na moja.

Siku nne mfululizo, saa ileile. Ikupa alisikiliza zote. Siku ya pili Tusajigwe alishuka kitandani akatembea bweni zima akiangalia chini ya vitanda. Miguu yake mitupu ilisikika kwenye sakafu. Siku ya tatu wenzake walianza kusema, "Unaongea na nani wewe?" Walilala mbali na tundu, hawakuwa wamesikia kitu. Siku ya nne mtoto alikuwa akilia kabla hajaitwa. Alipoitwa aliitika hivyohivyo, kwa adabu, katikati ya kilio.

"Abee. Abee, mbona sikuoni?"

Na nyuma ya hapo, ndani kabisa ya plasta, kicheko kilichobanwa puani, kikikoroma kama mbuzi. Hakuna mtu mwingine duniani anayecheka hivyo. Mama yake alijaribu kumwachisha, mwalimu wa nidhamu naye akajaribu kwa njia zake.

Ikupa alivua spika. Alitembea mpaka dirishani, akarudi. Juu ya mlango palikuwa na maandishi ya Fundi Ambakisye, kwa rangi nyekundu: TUNATOA KILICHOMO UKUTANI. HATUONGEZI, HATUPUNGUZI. Aliyasoma kwa makini, kama anayaona mara ya kwanza.

Kisha akawasha chujio.

Chujio lilikuwa halali kabisa. Lilitengenezwa kwa ajili ya honi, mvua na majogoo. Unaliwekea alama kwenye sauti usiyoitaka, nalo linaichambua punje kwa punje kama mtu achambuaye mawe kwenye mchele, mpaka pabaki ulichotaka. Ikupa aliweka alama kwenye jogoo, kwa sababu alitaka kuanza na kitu cha haki. Halafu akaweka alama kwenye bikizee. Halafu kwenye kicheko.

Zilipita dakika sita. Akavaa spika akahakiki, maana yeye alikuwa fundi mwaminifu.

Kimya cha bweni la mchana. Kitanda kikilia. Na sauti ya mtoto peke yake:

"Abee?"

Kimya.

"Abee."

Kimya kirefu. Miguu mitupu.

"Abee, nakuja."

Hakuna aliyemwita. Chujio lilifanya kazi nzuri sana. Alikuwa mtoto mwenye adabu katika chumba kitupu, akiitikia, akiitikia, na siku ya nne akiuliza huku akilia mbona hamwoni mtu ambaye hakuwepo. Yeyote angesikia angesema masikini, mapepo.

Ikupa aliliweka faili hilo chumba cha kumi na saba. Lile la asili hakulifuta. Alijiambia kwamba ana usiku mzima na asubuhi nzima ya kufikiri, kwamba chumba hakifunguki mpaka saa sita, kwamba mpaka wakati huo hakuna lililotendeka. Pia alijiambia kwamba kazi haipatikani kirahisi, kwamba alikuwa mtoto naye, na kwamba ukoo wenye nia ya kuchukua mtoto wa mtu hautazuiwa na plasta. Alikuwa na hoja nyingi nzuri. Angekuwa kwenye mdahalo wa shule angeshinda kalamu.

Chumba alichopanga kilikuwa na ukuta wa kijani, nusu ya chini. Alisogeza kitanda katikati ya chumba, akalala bila kusema neno.

*

Aliamka ameshaamua. Hakukuwa na mwanga wala maono. Alichoshwa tu na kujihutubia. Angetoa faili lililochujwa, aweke la asili, aandike barua ya kukiri, na Fundi Ambakisye akirudi kutoka sendofu amfukuze kwa raha zake. Saa mbili asubuhi alikuwa studio, koti bado lina umande, akafungua chumba cha kumi na saba.

Kilikuwa wazi.

Alifungua kitabu cha wageni. Tusajigwe Mwakalobo, ametumiwa ujumbe 06:00, ameingia 06:04. Amepakua. Amesikiliza 06:05. Amesikiliza 06:19. Amesikiliza 06:33. Mara saba.

Ikupa aliitazama ile 06:00 ya kufungua chumba aliyoiandika mwenyewe, na akili yake ikachukua muda kuielewa, kama mtu anayesoma jina lake kwenye jiwe la kaburi. Saa sita ya Fundi Ambakisye ni jua la utosi. Saa sita ya seva ni jogoo. Mtoto wa darasa la tatu anajua kuongeza sita na kutoa sita, anachapwa mpaka ajue. Yeye, mwenye cheti cha mitambo kilichowekewa fremu sebuleni kwa mama yake, alikuwa ameiambia seva saa za Kiswahili, na seva haijui Kiswahili.

Katika kila chumba palikuwa na kapu dogo, ili mteja aache neno kama kazi ina kasoro. Kapu la kumi na saba lilikuwa na sauti ya sekunde arobaini.

"Shikamooni hapo studio. Nimepokea, nimesikiliza vizuri. Kumbe ni mimi peke yangu." Nyuma mtoto mchanga alikuwa akipiga kitu cha plastiki kwa furaha. "Miaka yote nilibishana na watu. Mama yangu alikufa tunabishana. Basi, leo nimejua. Nimeshafunga nguo za Subilaga, mama mkwe asihangaike na kikao. Asanteni kwa uaminifu wenu."

Ikupa alipiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena, haikupokelewa. Huku simu ikiita aliondoa lile faili, akaweka la asili, akatazama kitabu cha wageni. Hakuna aliyeingia. Mara ya tatu ikapokelewa.

"Haloo."

"Tusajigwe? Naitwa Ikupa, ni wa studio. Faili ulilopata si lenyewe. Usimtoe mtoto. Nimeweka lingine, lisikilize sasa hivi. Sauti ipo. Ilikuwepo. Nimeitoa mimi kwa mashine."

"Umeitoa kwa nini?"

Hapo hoja zote za jana zilikimbia kama wanafunzi waliosikia viatu vya mwalimu.

"Kwa sababu ni yangu," alisema Ikupa. "Nilikuwa stoo ya mafagio. Nilikuwa nakutania."

Ikupa aliitazama simu kuona kama imekatika. Mtoto aliendelea kupiga plastiki yake.

"Ikupa," alisema Tusajigwe taratibu. "Ikupa wa kidato cha tatu. Siku naondoka ulinibebea tranka mpaka getini."

"Ndiyo."

"Nikakupa sukari yangu yote. Nikasema huyu dada ana roho nzuri."

"Ndiyo."

"Uliila?"

"Niliila."

Tusajigwe alipumua. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu anayepanga vyombo. "Faili lako jipya halinisaidii. La kwanza nililipeleka kwa mama mkwe asubuhi hiihii, kwa ujinga wangu, nikasema sikiliza, mlisema kweli. Sasa nikimpelekea lingine lenye sauti, atasema hao watu wa mashine wanatengeneza wanachotaka. Na si kweli? Mnatengeneza."

"Nitazungumza nao mwenyewe. Nitawaambia yote."

"Watasema nimetafuta mtu wa kunisemea. Wewe huwajui hawa." Mahali fulani nyuma yake wanawake walikuwa wakicheka, na visu vikigonga sinia. "Wamefika mapema, wako jikoni wanamenya ndizi za kikao. Mama mkwe na shangazi wawili. Wananiimbia mapambio kwa sauti ili nisikie." Kisha akauliza: "Ile sauti bado unayo?"

"Nini?"

"Ya kwako. Ya bibi. Bado unaiweza?"

"Tusa, niliapa sitaitoa tena."

"Uliapa mbele ya nani? Mimi sikuwepo." Akashusha sauti. "Jiko letu lina tundu la hewa. Naichomeka simu mle kwa nje, isionekane, spika juu kabisa. Nikikohoa, ita. Halafu usiseme kitu mpaka nikuambie."

Ukafuata mkwaruzo wa simu kwenye tofali. Visu vilisikika karibu zaidi sasa, na mwanamke mzima akisema kwamba damu ya ukoo ule haikuwa na mambo hayo, yameletwa. Mwingine akasema amina.

Tusajigwe akakohoa.

Miaka tisa Ikupa hakuigusa ile sauti. Alitarajia kuitafuta. Hakuitafuta, ilikuwa imekaa palepale mlangoni pa koo, na ikatoka ikiwa nzima, imezeeka kuliko mwanzo, haina meno, haina mwenyewe.

"We biiinti… njooo…"

Visu vilikoma.

"Abee!" wakaitika wanawake watatu kwa pamoja.

Kiti kilisukumwa. Kandambili zikaburuzwa mpaka mlango wa nje, zikasimama. Ikupa aliziba mdomo wake kwa viganja vyote viwili. Hakikuwa kicheko alichokuwa akikizuia.

"Nani kaita?" aliuliza mama mkwe, yuko uani. "Mbona hakuna mtu?"

"Huku nyuma nako hakuna," alisema shangazi. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Dada, tumeitikia nini?"

"Nyamaza wewe."

"Lakini wewe umeitika wa kwanza!"

Kisha hatua nyepesi, za mtu aliyebeba mtoto. "Mama," alisema Tusajigwe, kwa adabu ileile iliyokuwa ukutani. "Mmemwitikia nani?"

Jogoo wa jirani aliwika, na safari hii hakuna aliyemwekea alama.

"Nilikuwa na miaka kumi na minne," alisema Tusajigwe. "Ninyi mko watatu na jua linawaka. Niambieni basi, nani kati yetu afungiwe nguo?"

Simu ikachukuliwa kutoka tunduni. Mkwaruzo, kisha mwangwi wa chumba, kisha mgongano mdogo wa kitu kilichowekwa juu ya meza katikati ya watu.

"Aliyewaita yumo humu," alisema Tusajigwe. "Ana jina na ana kazi mjini. Dada, jitambulishe. Anza na siku ya kwanza, usiruke hata moja."

Ikupa alisimama, ingawa hakuna aliyemwona. Akaweka sawa koti lake.

"Shikamooni, wazazi," alisema kwa sauti yake mwenyewe.

Akasubiri marahaba. Upande wa pili walikuwepo, aliwasikia wakipumua. Akasubiri zaidi ya inavyosubiriwa.

Haikuja. Akaanza bila hiyo.